Jiwe la Foleni na Barua ya Veronika

Ijumaa, mwezi wa pili. Babati, nyumbani Bagara.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na imekata saa tisa, sasa jua limetoka kama vile halikuwahi kuondoka. Uani kuna matope hadi kwenye kifundo. Kuku wanafukua minyoo, mwanangu Yona amelala, na mimi nimekaa mlangoni na daftari hili ili niandike kabla giza halijaingia. Mafuta ya taa yamebaki kidogo na nayatunza.

Nina furaha. Naiandika mapema kabisa ili nikija kuyasoma haya siku nyingine nisidhani nilikuwa na huzuni, maana mengi nitakayoyaandika ni aibu yangu.

Leo nimepewa barua ya onyo kazini, na nimeipiga taipu mwenyewe.

Nianze na jiwe. Mimi ni karani wa ofisi ya usharika wetu, mwaka wa sita sasa. Napokea barua, napiga taipu, natunza mafaili. Mezani kwangu kuna trei mbili. Ya kulia ni ya barua zilizoingia. Ya kushoto ni ya karatasi chakavu, zile zilizoandikwa upande mmoja, kwa sababu karatasi mpya hatujaziona dukani kwa muda mrefu na kila kitu tunakipiga kwenye mgongo wa kingine. Ratiba ya ibada ya Krismasi niliipiga nyuma ya tangazo la chanjo ya ng'ombe, na hakuna aliyelalamika.

Trei ya barua naikandamiza kwa jiwe, maana dirisha langu halina kioo na upepo wa kutoka ziwani hauna adabu. Jiwe lenyewe ni zuri, jeusi, la ukubwa wa ngumi mbili. Nimeliandika kwa rangi nyeupe herufi mbili, M.Y., yaani Mama Yona.

Nililiandika kwa sababu lina kazi ya pili. Sukari ikifika duka la ushirika, au sabuni, au hata uvumi wa sabuni, watu hawasimami foleni wenyewe. Nani ana miguu ya kusimama tangu asubuhi hadi saa kumi? Tunapanga mawe. Kila mtu jiwe lake, nyuma ya jiwe la mwenzake, halafu unarudi kazini na kuja mara moja moja kuangalia limesogea wapi. Jiwe lisilo na jina huwa linapata miguu na kurudi nyuma. Langu halijawahi kurudi nyuma hata siku moja, na najivunia.

Siku moja ya mwezi wa kumi na moja uliopita, nilikuwa nimetoka posta na barua nne. Desturi yangu ni moja. Nakata bahasha taratibu kwa wembe ili nije niigeuze ndani nje na kuitumia tena, nagonga mhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe juu ya barua yenyewe, naweka herufi zangu chini ya mhuri, naandika kwenye rejista, naweka kwenye trei ya kulia.

Barua ya nne niliikata, nikaigonga mhuri, nikaiandika kwenye rejista. Ndipo mtu akapiga kelele barabarani, "Sukari! Sukari imeshuka!"

Nikanyakua jiwe nikakimbia.

Niliporudi, roho ikiwa nyeupe kwa kuwa jiwe langu lilikuwa la kumi na moja, upepo ulikuwa umeshafanya kazi yake. Barua zote sakafuni, pamoja na karatasi chakavu. Niliziokota kwa mkupuo. Zilizoangalia juu na zilizoangalia chini, zote nilizirundika trei ya kushoto nikisema nitazipanga baadaye. Kisha nikarudi kwenye foleni kuangalia jiwe.

Kilo moja nilipata. Nakumbuka chai ya siku ile.

Sasa habari ya shamba. Marehemu Mzee Hhando alikuwa na shamba zuri Nakwa, ekari tatu, karibu na maji kiasi kwamba viboko wa ziwani wanalijua kuliko bwana shamba. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Veronika, mwalimu, aliyepangiwa kazi kule Ruvuma. Mzee alipoona afya inamtoka, aliandika wosia na kuwateua wadhamini watatu walishike shamba kwa ajili ya binti yake. Mwenyekiti wao ni Mzee Sulle, mzee wa kanisa. Wa pili ni Mama Neema, kiongozi wa akina mama. Wa tatu ni Mzee Omari mwenye duka karibu na soko, Mwislamu, rafiki wa marehemu tangu walipokuwa vijana wanachunga pamoja. Ofisi yao ni meza yangu, na karani wao ni mimi.

Wosia nimeupiga taipu mwenyewe, naujua kwa moyo. Unasema wadhamini wakijua kabla ya Krismasi ya tatu baada ya kifo chake kwamba Veronika anarudi kulima kwa mikono yake, shamba ni la Veronika. Krismasi hiyo ikipita bila wao kujua hivyo, shamba liende kwa usharika, na mazao yake yajenge chumba cha akina mama kujifungulia.

Chumba hicho mimi nakitaka. Hapa ndipo pagumu, daftari langu, na lazima niandike.

Mdogo wangu Katarina alijifungulia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, njiani, mvua ikimnyeshea, kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa na dizeli. Mtoto alikuwa wa kiume. Aliishi chini ya saa moja. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mwavuli, na tangu siku hiyo nikisikia maneno "chumba cha kujifungulia" naacha ninachofanya. Nilishakijenga kichwani mwangu chumba hicho. Nilishachagua hata upande wa dirisha. Saruji tunaisikia redioni tu, lakini mimi chumba changu kilikuwa na sakafu.

Krismasi ya tatu ikapita. Wiki ya kwanza ya Januari wadhamini wakakaa. Mzee Sulle akaniuliza mbele ya wenzake, "Mama Yona, kuna barua yoyote kutoka kwa mwalimu Veronika?"

Nikasema, "Hakuna, Mwenyekiti."

Rejista ilikuwa chini ya kiwiko changu. Sikuifungua.

Siku zote nimejiambia kwamba nilisahau. Kusahau nilisahau, kweli. Lakini nilipokuwa napiga taipu ule mstari, "Hadi Krismasi bodi haikupata taarifa yoyote kutoka kwa Mwl. Veronika," kuna kitu kilinikuna nyuma ya kichwa. Kitu kidogo kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Nilisimamisha vidole. Nikaangalia nje. Kisha nikaendelea kupiga.

Muhtasari ule niliupiga, kama kawaida, nyuma ya karatasi kutoka trei ya kushoto.

Jumatatu ya wiki hii Veronika akaingia ofisini. Nilimjua kabla hajafunga mwavuli. Tulisoma pamoja hadi la saba, dawati moja. Amekonda. Alikuwa na begi la bati, kifurushi cha mbegu za mahindi ndani ya kitenge, na viatu vilivyosahau rangi yake. Siku sita njiani, alisema, lori hadi lori, siku mbili alilala kwenye magunia ya korosho akisubiri dizeli. Uhamisho wake umekubaliwa. Anafundisha hapa hapa mjini kuanzia mwezi ujao, na amekuja kupanda.

"Nimekuja kuchukua funguo za nyumba ya baba," alisema, anatabasamu.

Nilimwambia akae. Nikamweleza kuhusu Krismasi, kikao, na uamuzi.

Tabasamu lake lilikaa kidogo usoni, halafu likaondoka. "Lakini niliandika, Paulina. Mwezi wa kumi na moja niliandika. Niliwaambia narudi."

"Hatujapata," nilisema.

Alipotoka nikafungua rejista. Mwezi wa kumi na moja, mstari wa nne, kwa mkono wangu mwenyewe ulionyooka: Mwl. Veronika Hhando, Ruvuma, kwa Wadhamini.

Nilitafuta barua ile Jumatatu na Jumanne. Trei, kabati, kapu la takataka, hadi kwenye dari ambako panya wana maktaba yao. Jumatano asubuhi, nikiwa nachemsha chai ya ofisi, nikakumbuka. Nikachomoa faili la wadhamini. Nikageuza muhtasari wa Januari.

Ilikuwepo. Mwandiko wa Veronika, herufi za duara zinazolala kidogo kulia. "Kwa Wadhamini wa shamba la baba yangu, nawajulisha kuwa narudi nyumbani kulima mwenyewe." Juu yake mhuri wangu. Chini ya mhuri, P.S., herufi za jina langu. Na upande wa pili wa karatasi hiyo hiyo, bodi inasema haikupata taarifa yoyote.

Nilicheka. Naomba Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichofanya ni kucheka, peke yangu, hadi nikashika meza.

Halafu nikaangalia jiko. Makaa yalikuwa mekundu.

Hakuna mtu mwingine mwenye ufunguo wa kabati lile. Muhtasari ningeweza kuupiga upya, na ukurasa mmoja wa rejista ungeweza kumwagikiwa na chai. Naandika haya kwa sababu niliyafikiria yote, kwa mpangilio, kama karani mzuri. Nilifikiria na dirisha la chumba cha akina mama.

Nikalifunga faili kwenye kanga nikaenda nalo kwa Katarina. Saa nne asubuhi, kazi nimeiacha.

Katarina alikuwa anapepeta unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, anatoa wadudu. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kupepeta. Nilipofika kwenye makaa, ungo ukasimama.

"Mtoto wangu alikufa kwa sababu ya dizeli," alisema. "Veronika hakuwa na dizeli. Sasa wewe unataka kumnyang'anya shamba kwa jina la mtoto wangu?"

Nililia, nikanywa uji wake, nikalia tena. Yeye akaniambia, "Peleka hiyo karatasi, dada. Chumba kitajengwa au hakitajengwa. Lakini nikijua kilijengwa hivyo, mimi sitaingia."

Jana niliipeleka kwa Mzee Sulle nyumbani kwake. Alisoma upande mmoja, akageuza, akasoma wa pili, akageuza tena. Alivua miwani. Nilingoja anifukuze.

"Shikamoo," nilisema tena, kwa kuchanganyikiwa, ingawa nilishamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Kesho saa tatu. Wote watatu. Na nitamwomba Bwana Hakimu wa mahakama ya mwanzo aje atusikilize, maana hili limezidi kimo changu."

Sasa leo.

Kikao kimekaa ofisini kwangu, mvua inapiga bati hadi watu wanasemezana kwa kelele. Wadhamini upande mmoja wa meza, Veronika kwenye benchi, mimi kwenye taipu yangu. Bwana Hakimu ni kijana wa Kilimanjaro, suruali yake ina viraka viwili vilivyoshonwa vizuri sana, na kalamu yake ameifunga kwa uzi ili isipotee. Aliikataa kahawa kwa sababu aliona sukari ni ya kugawana. Nilimpenda kuanzia hapo.

Mzee Sulle alijitetea, na si kwa ubaya. Huyu mzee hajawahi kuchukua hata mhindi mmoja usio wake. Alisema, "Bwana Hakimu, bodi ni watu watatu. Mimi sikuisoma barua hii. Mama Neema hakuisoma. Omari hakuisoma. Wosia unasema tukijua. Sasa jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nalo kichwani, tutasemaje tulilijua?"

Kwa kweli ilionekana ana haki. Hata Veronika aliinamisha kichwa. Na kama bodi haikujua, shamba limekwenda na maji, siku sita za malori ni za bure, na zile mbegu ndani ya kitenge ni za kusaga.

Hakimu akauliza, "Barua za bodi zinapokelewa na nani?"

"Na Mama Yona."

"Mlimweka nyinyi?"

"Sisi wenyewe."

"Kuna mtu mwingine ambaye Veronika angemwandikia ili nyinyi mjue?"

Mzee Sulle akafikiri. "Hakuna. Ni sanduku hilo moja la posta."

"Basi bodi haina masikio mengine," akasema Hakimu. "Mtu mmoja anajua jambo likiingia kichwani mwake. Bodi haina kichwa. Inajua pale habari zinapomfikia mtu iliyemweka azipokee. Siku mama huyu alipogonga mhuri, bodi iliambiwa. Kama yeye hakuwafikishia, hilo ni lenu na yeye. Huyu mwalimu halimhusu. Yeye alishabisha hodi na mlango ulifunguliwa."

Nilikuwa napiga taipu kila neno. Sikukosea herufi hata moja.

Mzee Omari akakohoa. Ni mtu wa maneno machache, ukimwona dukani kwake utadhani anauza ukimya. Akasema kuna kitu kinamkera na heri akiseme. Mwezi wa kumi, dereva mmoja wa lori kutoka kusini alimwambia dukani kwamba kuna mwalimu wa huku Babati anahangaikia uhamisho arudi kwenye shamba la baba yake. "Nikasema moyoni, huyo ni mtoto wa Hhando. Nikafurahi. Halafu mteja akaingia akaulizia chumvi, nami sikumwambia mtu. Kwenye kikao cha Januari nilikumbuka. Nikanyamaza kwa sababu niliona ni maneno ya barabarani tu. Je, na hilo ni kujua?"

Mama Neema alimgeukia, "Omari! Na ulikaa nalo muda wote huo?"

"Nimekaa nalo, Mama Neema. Na nimejuta."

Hakimu alisema la dereva mtu anaweza kulibishania, na la mhuri hakuna wa kulibishania. Lakini akasema kingine, ambacho nimekirudia njia nzima nikitembea kuja nyumbani. Alisema mtu aliyeshikishwa mali ya mwenzake hawezi kusema hakujua jambo ambalo lingemchukua dakika moja kulijua. Omari alikuwa na sababu ya kuuliza. Bodi ilikuwa na rejista mezani. Kabla ya kuandika "hakuna taarifa," mtu mwangalifu angeifungua.

Hakumtaja mtu. Hakuniangalia hata kidogo.

Mimi niliisikia mahali pake hasa, nyuma ya kichwa, palepale palipokuwa na ile punje ya mchanga.

Wadhamini hawakuchukua muda. Mzee Sulle alisimama, akamwendea Veronika kwenye benchi, na mzee mwenye umri wa baba yake akamwomba msamaha msichana mbele ya watu. Akampa funguo za nyumba, zimefungwa kwa kamba ya katani, zina kutu. Veronika alizishika kwa mikono yote miwili. Hakulia. Mama Neema ndiye aliyelia, kisha akapangusa macho na kutangaza kwamba akina mama wataanza kufyatua matofali Jumatatu ijayo, wakiwa na shamba au bila shamba, na saruji ikitaka kuja ije itukute.

Halafu likaja la kwangu. Mzee Sulle alisema karani anapewa onyo la maandishi kwa kupoteza barua ya wadhamini na kwa kujibu bila kuangalia. Kisha wote wakanigeukia, maana waligundua kwa pamoja kwamba hakuna mwingine anayejua kupiga taipu.

Nikaipiga. "Kwa Bi. Paulina. Unaonywa vikali." Utepe wa taipu umechoka, niliulainisha kwa mafuta ya taa wiki iliyopita na sasa neno "vikali" limetoka hafifu, nikarudi nikalipiga mara ya pili juu yake ili lisomeke. Nakala moja tu, karboni imeisha. Nikampa Mwenyekiti asaini, nikaigonga mhuri, nikajipokelea, nikaandika kwenye rejista.

Mzee Omari alicheka hadi akashika mbavu. Hata Hakimu alishindwa kujizuia.

Muhtasari wa leo nimeupiga kwenye karatasi mpya. Ninayo moja, nilikuwa nimeificha chini ya kabati tangu Pasaka ya mwaka juzi kwa ajili ya jambo kubwa, labda askofu akija. Nimeipiga upande mmoja. Mgongo wake mweupe kabisa. Inasema bodi ilijua tangu tarehe ya mhuri, mwezi wa kumi na moja, na kwamba shamba ni la Veronika.

Ningeweza kuishia hapa na kwenda kumwamsha Yona.

Lakini baada ya kikao, mvua ikipungua, Veronika alinisubiri kwenye baraza ya ofisi. Tulisimama tukiangalia maji yanavyotiririka kuelekea sokoni. Alikuwa anazizungusha zile funguo kwenye kidole.

"Paulina," akasema, "darasa la tano ulikuwa unanakili imla yangu. Kila Alhamisi."

"Nakumbuka."

"Kwa hiyo bahasha yangu ilipofika posta. Mwandiko uliutambua?"

Hili Hakimu hakuliuliza. Hakuna mhuri wake, hakuna mstari wake kwenye rejista. Ningesema sikuangalia, kulikuwa na barua nne, kulikuwa na sukari, na yeye angeamini au angejifanya anaamini, na tungeendelea kusalimiana kanisani hadi uzee.

"Niliutambua," nikasema.

"Kabla hujafungua?"

"Kabla sijafungua. Nilijua ni wewe, na nilijua unaandika kuhusu nini. Nikaigonga mhuri kwa haraka ili nisisome. Halafu sukari ikaja, nikafurahi kupata sababu ya kukimbia."

Nilikuwa sijawahi kulisema hilo, hata kwa Katarina. Hata kwako, daftari.

Mimi nilikuwa nahesabu matone ya kwenye bati. Mwishowe akaziingiza funguo ndani ya mfuko na kufungua mwavuli wake.

"Kesho alfajiri napanda," akasema. "Ekari tatu, na mimi mikono yangu imezoea chaki. Ulete jembe lako."

"Nitakuja."

"Na uwahi, Paulina. Usije ukasema hukupata taarifa."

Akashuka ngazi na ile miguu yake mirefu, anaruka madimbwi kama alivyokuwa akiruka tukitoka shule. Nilibaki pale barazani nacheka na kulia, na mtu aliyepita na baiskeli aliniangalia akaamua kutouliza.

Kabla sijafunga ofisi, jirani alinipigia kelele dirishani kwamba wameshusha sabuni. Mkono ulienda kwenye jiwe wenyewe. Nikaurudisha. Nimeliacha palepale, juu ya trei ya kulia, M.Y. ikiangalia dari. Foleni nimekwenda na tofali la kuokota, halina jina, na bila shaka limeshapata miguu, kwa sababu sabuni sikuipata. Nitafua kwa majivu wiki hii. Si mara ya kwanza.

Giza linaingia. Katarina amekuja, amesikia, amenikumbatia, na sasa yuko jikoni anakoroga ugali kwa nguvu zake za kawaida. Amesema na yeye kesho anakuja Nakwa.

Kwenye muhtasari nimeandika siku bodi ilipojua. Yangu naiandika hapa: ni palepale kwenye ngazi za posta, bahasha ikiwa bado imefungwa, kwa herufi za duara zinazolala kidogo kulia.

Jembe nimeshaliegemeza mlangoni. Alfajiri tunapanda.